Likizo ya Malindi Mwaka wa Jando

Miaka ile ya vijiji, tulipokusanywa tukaambiwa tulime pamoja, kijiji chetu kilipewa uwanja wa ndege wa shamba la mkonge tupande mihogo. Wazungu walikuwa wameshaondoka, shamba limekuwa la serikali, na uwanja wenyewe umeota vichaka. Siku ya kwanza ya kulima niliwaambia wenzangu kwamba hapa hapa tulipoinama, mimi niliwahi kupaa. Walicheka mpaka majembe yakawadondoka. Mmoja akaniuliza kama nilipaa kwa ungo. Nikamwambia nilipaa na Mgiriki, nikaenda likizo nchi za watu nikarudi, na wewe hujafika hata Nangurukuru. Wakaokota majembe, lakini hawakuniamini, nami sikuwabembeleza.

Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo naandika polepole. Anayetaka kuamini na aamini.

Nilikuwa yaya. Meneja wa shamba alikuwa Mgiriki aliyezaliwa huku huku, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha makarani wake. Mkewe, tuliyemwita memsabu, alikuja ukubwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni: lete, toa, kesho. Walikuwa na binti mmoja mdogo ambaye halali mpaka anishike sikio. Ukimtoa mkono kabla hajasinzia vizuri, nyumba nzima hamlali.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mwanangu mmoja wa kiume. Baba yake alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini akapotelea huko, hakuniacha wala hakunirudia. Mtoto nikamweka kijijini Tingi kwa kaka yangu, nami nikawa nalala shambani, naenda kumwona Jumapili. Sisi Wamwera mtoto ni wa mjomba, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Wifi yangu, mke wa kaka, hakujaaliwa kuzaa, na alimlea mwanangu kwa moyo mmoja. Nikifika Jumapili namkuta ameogeshwa, amepakwa mafuta, kakaa barazani ananingoja. Jioni nikiondoka analia, na mimi nikifika njiani nalia, kisha nafuta uso kabla sijaingia kwa watu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu.

Mwaka huo, wa pili au wa tatu baada ya Uhuru, mavuno yalikuwa mazuri na kaka akasema mtoto aingie jandoni. Wavulana hupelekwa porini, kwenye kibanda tunachokiita kumbi, wakatahiriwa, wakakaa huko mpaka wapone na wafundwe. Mama haruhusiwi kumwona mwanawe. Anapika tu, chakula kinapelekwa. Na mama naye ana miiko yake siku zote hizo. Chumvi hali. Mafuta hapaki. Nywele hachani. Hagombani na mtu yeyote, hata akichokozwa. Mama akivunja mwiko, kidonda cha mtoto hakiponi. Ndivyo tulivyoambiwa na mama zetu, na ndivyo tulivyoshika. Miiko ya chumvi na mafuta kwangu haikuwa kazi. Ule wa kutogombana ndio ulionitoa jasho, maana mdomo wangu walikuwa wanaujua mpaka watu wa korona, mashine ya kukamua mkonge, na pale kuna makelele.

Basi siku ya kutoka, kibanda kinachomwa moto. Wari, yaani wale watoto, wanatoka mbio bila kutazama nyuma, wamefunikwa nguo nyeupe mpya gubigubi. Wanakalishwa kwenye mkeka mbele ya watu, na kila mama anamwendea wake, anamfunua uso, anamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Mtoto niliyemlea kwa Jumapili, siku hiyo ningemfunua uso mbele ya kila mtu na kila mtu angeona ni wa nani. Sikutaka kitu kingine duniani.

Wari walikuwa wameshaingia kumbini, mwezi ndio kwanza unaanza kujaa, bwana, yule meneja, akasema wanakwenda likizo Malindi, Kenya, kwa ndege yake. Memsabu akasema yaya lazima aje, mtoto hatalala. Wiki mbili tu. Nikaenda Tingi kumuuliza kaka. Yeye hakuwa na wasiwasi. Wari watatoka Ijumaa ya kwanza mwezi mwingine ukiandama, akasema, na huu bado kijana. "Nenda, utarudi na utatungoja sisi." Wifi naye akasema, "Nenda wifi. Chakula chake nitapika mimi, na chumvi nitaiacha kama wewe."

Nami nilitaka kwenda. Siwezi kusema uongo uzeeni. Ile ndege nilikuwa nafua vitambaa vya viti vyake, nalisha kuku kwenye kivuli cha bawa lake, na kila ikipaa nasimama na mtoto mgongoni naitazama mpaka inapotea. Nilitaka nijue wanaona nini huko juu.

Asubuhi ya safari bwana alitupima wote kwenye mizani ya marobota ya mkonge. Kwanza mizigo, kisha memsabu, kisha mtoto, kisha mimi na kifurushi changu. Makuli wakasimama kuangalia. Bwana akasema mimi ni mwepesi, nile. Sikumwambia kwamba sijaonja chumvi na chakula hakipiti. Nikapanda nyuma na mtoto, mkanda ukafungwa tumboni, mashine ikaanza kunguruma, nami nikafumba macho. Tulipoachana na ardhi nilisoma kila aya niliyoijua, na nilizojua ni chache, kwa hiyo nilizirudia.

Kisha nikafungua macho. Nikaona mikonge imepangwa mistari mpaka mbali, nikaona pwani, nikaona midomo ya Rufiji imetawanyika, maji ya tope yakiingia kwenye maji ya buluu. Nilitaka kumwonyesha mtu. Mtoto alikuwa amelala na sikio langu mkononi. Wale wawili mbele walikuwa wanazungumza lugha yao, wanacheka, na makelele ya mashine yalikuwa makubwa hata ningesema nisingesikika. Nilikaa na maneno yangu mpaka Malindi.

Nyumba waliyokodi ilikuwa karibu na bahari, nyeupe, ina baraza pana. Mpishi wake alikuwa mzee wa Kigiriama, mtu mpole aliyependa chakula chake kisifiwe. Siku ya kwanza aliniwekea samaki wa nazi. Nikamwomba anitengee wangu kabla hajatia chumvi. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia nina mtoto jandoni. Akasema kwao mambo hayo hawayafanyi namna hiyo, akanitengea, lakini kuanzia hapo alikuwa ananiangalia nikila kwa jicho la huruma ambalo lilinikera. Nikameza na ukali wangu, maana hata kumkunjia uso nilihesabu ni ugomvi.

Sikuwahi kuwa mpweke kama Malindi, na nilikuwa nimezungukwa na watu. Lugha ni yangu, misikiti ninaisikia, wanawake wanapita na buibui zao wananisalimu, naitikia. Lakini hapakuwa na hata mmoja anayejua kwamba nina mtu porini. Kwetu kipindi hiki wanawake wenye wari hukaa pamoja, hutwanga pamoja, wote nywele timtim, mmoja akikata tamaa mwenziwe humwambia leo nimesikia wanaimba, wazima. Mimi nywele zangu timtim zilikuwa za kwangu peke yangu. Memsabu aliniambia nijichane, wageni wanakuja. Nikajifunga kilemba.

Mchana wao wanaogelea, mimi naketi mchangani na mtoto, namchimbia mashimo. Wageni wao wanafika na ndege zao ndogo ndogo, wengine kutoka Nairobi, wengine mbali zaidi, wanakumbatiana, wanaota jua. Wana haki yao ya kupumzika, sikuwaonea gere. Ila nilikuwa natazama mikono ya yule mtoto iliyojaa mchanga najiuliza wangu amepona au bado. Usiku akinishika sikio alale, nilikuwa nawaza ni sikio la nani analoshika mwanangu, kisha najicheka, maana mwanangu ni mkubwa na hakuwahi kushika sikio la mtu.

Wiki mbili zikaisha. Hakuna aliyefunga sanduku. Nikamuuliza memsabu, akasema, "Kesho kutwa." Kesho kutwa ikafika, marafiki wengine wakaja, na mashua ikakodiwa ya kwenda kuvua. Nikauliza tena. "Bado kidogo, yaya. Hapa kuzuri, ee?" Nikasema kuzuri.

Mtu anayenijua atauliza, wewe kwa mdomo wako huo, ulishindwaje kusema? Siku nyingine yoyote ningemwambia memsabu maneno ambayo angeyaota. Lakini mimi nikianza kudai, sidai kwa upole. Sauti inapanda yenyewe, naijua. Na kila nilipofungua kinywa niliona kidonda cha mwanangu. Niliona kinatunga usaha kwa sababu mama yake amefokeana na mzungu kwa ajili ya likizo. Nikafunga kinywa. Waliniona yaya mwema, aliyeridhika. Memsabu aliwaambia wageni kwa Kiswahili chake, ili nami nisikie, kwamba yaya wake amependa Malindi.

Jioni moja nilikuwa uani naanua nguo. Nikainua kichwa, nikauona mwezi juu ya paa za watu, mwembamba, umeandama. Nguo zikanitoka mikononi. Ilikuwa Jumatatu. Nikahesabu mpaka Ijumaa na mpishi akanikuta nimekaa chini juu ya shuka safi. Safari hii alinisogezea kigoda, akaketi karibu, asiniulize kitu. Mpaka leo namwombea dua.

Jumanne nilimwambia memsabu kwamba mwanangu anatoka jandoni Ijumaa na lazima niwepo. Nilisema taratibu, kama mtu anayebeba mayai. Sidhani kama alielewa jando ni nini. Akasema, "Sawa, nitasema na bwana." Jumatano bwana alikuwa baharini na wenzake tangu alfajiri. Alhamisi sikungoja. Nilimwogesha mtoto, nikamlisha, nikamkabidhi kwa mama yake mkononi. Kisha nikachukua kifurushi changu nikatembea mpaka uwanja wa ndege, nikaiona ndege yetu kati ya zile nyingine, nikaketi chini ya bawa lake. Kuketi si kugombana. Askari wa uwanja akaniambia niondoke. Nikamwambia hii ndege ni ya kwetu. Akaenda zake.

Jua lilishapita utosini bwana alipokuja, gari linatimua vumbi. Alikuja na hasira, kwa sababu mtoto alikuwa analia na nyumba imechafuka. Akanifokea. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia mwanangu anatoka kumbini kesho.

Akasimama. Yule mtu amezaliwa kwetu, amekua na wavulana wa kwetu, na wengine aliwakosa ghafla siku walipoingizwa jandoni yeye akabaki nje. Alijua nasema nini.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Mwenye mtoto kumbini hagombani, bwana."

Alivua kofia, akajipangusa shingo. "Ungeniambia mimi," akasema. "Mimi, si memsabu." Halafu akasema tutaondoka alfajiri, na tutawahi.

Tuliondoka alfajiri kweli. Memsabu alikuwa amenuna na hakunisemesha. Dar es Salaam tukashuka kutia mafuta na kukaguliwa, maana tunatoka nchi nyingine. Kijana wa forodha, Mwafrika mwenzangu, kaptula nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, akaniangalia kutoka kilembani mpaka miguuni pekupeku.

"Mama, unatoka wapi?"

"Malindi."

"Kufanya nini?"

"Likizo."

Akacheka, akamwita mwenziwe aje anione. "Nchi imekuwa huru kweli," akasema. Hakuwa na ubaya, alifurahi tu. Lakini walikuwa hawana haraka. Wakafungua masanduku yote, na karatasi moja ya bwana ikatafutiwa muhuri kwa mkubwa ambaye alikuwa anakunywa chai. Nilisimama kwenye lami ya moto nikitazama jua linavyopanda. Nilikuwa nimenyamaza siku nyingi kiasi kwamba hata pale sikuweza kusema.

Kutoka Dar es Salaam kwenda kwetu sikuangalia Rufiji wala pwani. Niliangalia mbele, kati ya mabega yao. Tulipokaribia shamba bwana alishuka chini, chini sana, akazunguka, kwa sababu mbuzi walikuwa wamejaa uwanjani na mlinzi anawafukuza. Ndivyo alivyofanya kila safari, na mzunguko wenyewe ulikuwa unapita juu ya Tingi.

Nikaona moshi. Si moshi wa jikoni. Ulikuwa mnene, unatoka porini penyewe. Ndege ikainama upande wangu, na chini ya kioo nikaiona nyumba ya kaka, nikauona mwembe wa jirani, nikawaona watu wamejaa uani kama sisimizi kwenye sukari. Katikati pana mkeka, na juu ya mkeka vitu vyeupe vimepangwa mstari. Wanawake walikuwa wanavisogelea. Watu wakainua nyuso kutazama ndege, wengine wakapunga mikono. Nikaweka kiganja kwenye kioo. Mmoja kati ya wale weupe alikuwa wangu, na sikujua ni yupi. Nilipiga kelele, nilisema nishusheni, na yule mtoto akaamka akalia, na bwana akageuka kunitazama na uso umempauka. Hakuna kushuka pale. Ndege ikanyanyuka, ikamaliza mzunguko wake, ikaenda kutua kati ya mikonge.

Sikungoja ngazi wala sikuaga. Nilisikia memsabu ananiita, na bwana anamwambia aniache. Nikavua kilemba nikakifunga kiunoni, nikashika njia. Kwa mguu si karibu. Nilikimbia pale nilipoweza, nikatembea pale nilipoishiwa pumzi, na njiani nilipishana na wanaume wanarudi kutoka kusali Ijumaa, wamependeza. Waliponisalimu sikuitikia. Nilikuwa nazungumza na mwanangu kwa sauti, namwambia asimame asubiri.

Nilipoingia uani kwa kaka ngoma zilikuwa zinapumzika na watu wanakula. Wari walikuwa wameketi kwenye mkeka, nyuso wazi, vichwa vimenyolewa vinang'aa mafuta. Nikamwona. Alikuwa amenenepa na amerefuka, na kidonda kimepona, maana alikaa kwa raha. Wifi yangu ameketi karibu yake, amekonda, nywele timtim kama zangu, na sahani ya wali mapajani. Mkono wake wa kulia ulikuwa na punje za wali.

Furaha ilinipofua. Nikamwita. Nikamwita kwa nguvu, kwa jina lake, lile nililompa mwenyewe siku alipozaliwa.

Mikono ya watu ikasimama kwenye sahani. Mtu akitoka jandoni anapewa jina jipya, na lile la utoto huchomwa pamoja na kibanda. Kumwita kwa lile la zamani ni kumwambia mbele ya watu kwamba si mtu mzima, hajatahiriwa. Hilo kila mtu kwetu analijua, nami nimelijua tangu nikiwa mtoto. Nimewahi hata kumgombeza mtu kwa kosa hilo hilo. Lakini majina mapya yalitangazwa asubuhi ile pale mkekani, na asubuhi ile mimi nilikuwa juu.

Wale wari wenzake wakainamisha vichwa wakabana kicheko. Mwanangu hakugeuka. Alikuwa amenisikia, niliona shingo yake ilivyokaza, na chozi moja likamtoka akalifuta haraka. Amefundwa, na aliyefundwa haitiki jina lile hata aitwe na nani.

Nilisimama pale vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Wifi aliweka sahani chini, akainuka, akanijia. Nikamshika mkono, ule ule wenye punje za wali, nikamwinamia ili watu wasisikie, nikamuuliza, "Wifi, mwanangu anaitwa nani?"